Jiwe la Kaburi Lamfaa Nani?



Mtu akifa miongoni mwetu, mambo hupatikana upesi. Mbao za jeneza hupatikana, chakula cha wafiwa hupatikana, na baada ya majuma machache saruji ya kujengea kaburi nayo hupatikana. Hata yule ambaye juzi hakuwa na shilingi ya kusaidia dawa ya mgonjwa, leo hutoa mchango wake, na jina lake huandikwa katika daftari. Siandiki haya ili kulaumu desturi hiyo, maana kuzika ni wema. Lakini yafaa tujiulize swali moja lisilo na jibu jepesi: deni tulilokuwa nalo kwa mtu alipokuwa hai, je, twaweza kumlipa akiisha kufa?

Ili tulipime swali hili, nataka nieleze habari za golikipa mmoja wa zamani.

Arthur Wharton alizaliwa mwaka 1865 mjini Accra, katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo sasa huitwa Ghana. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, mzaliwa wa kisiwa cha Grenada, na mama yake alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante. Katika miaka ya 1880 kijana huyu alikwenda Uingereza kusoma, na nia ilikuwa awe mwalimu na mhubiri wa misheni. Alisoma katika chuo mjini Darlington, kaskazini mwa nchi ile. Lakini huko ilionekana kwamba amejaliwa kipawa kingine. Mwaka 1886, katika mashindano makubwa ya riadha yaliyofanyika Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili, akawa bingwa.

Mtu mwenye mbio kama hizo tungedhani atawekwa mbele afunge mabao. Yeye alisimama golini. Alidakia Darlington, kisha Preston North End, timu iliyoogopwa sana siku zile, ambayo mwaka 1887 ilifika nusu fainali ya Kombe la FA. Mwaka 1889 alijiunga na Rotherham Town, akawa mchezaji wa kulipwa. Tukumbuke kwamba huko Uingereza ruhusa ya kuwalipa wachezaji ilitolewa mwaka 1885 tu. Kwa hiyo Wharton alikuwa miongoni mwa magolikipa wa mwanzo kabisa kuishi kwa kazi hiyo, na ndiye anayetajwa kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kucheza kandanda kwa malipo.

Kazi yenyewe haikuwa kama ya siku hizi. Golikipa aliweza kuushika mpira mbali sana na goli lake, na sheria ya kumfungia ndani ya eneo la penalti ilikuja mwaka 1912. Lakini washambuliaji nao waliruhusiwa kumsukuma kwa mabega, hata kumwingiza wavuni yeye pamoja na mpira wake. Wharton alipenda kuupiga mpira kwa ngumi, na walioshuhudia walisimulia kwamba aliwahi kudandia mwamba wa juu wa goli na kuunasa mpira kwa miguu. Watazamaji walicheka na kupiga makofi. Baadhi ya magazeti nayo yalimcheka, lakini kwa dhihaka, kwa sababu ya rangi yake.

Mwaka 1894 alihamia Sheffield United. Huko alimkuta William Foulke, golikipa mwenye mwili mkubwa na kipawa kikubwa vilevile, na Wharton akapata mechi chache tu. Baada ya hapo alizunguka katika timu ndogo, akamalizia Stockport County mwaka 1902. Hakuwa na akiba wala kiinua mgongo. Miaka yake ya mwisho aliitumia akifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe huko Edlington, karibu na Doncaster. Alifariki mwezi Desemba 1930, akiwa na miaka 65, akazikwa katika kaburi lisilo na alama yoyote.

Mwaka 1997, baada ya watu waliopinga ubaguzi katika mpira kuchangisha fedha, kaburi lile liliwekwa jiwe lenye jina lake. Mwaka 2003 aliingizwa katika orodha ya heshima ya wanasoka wa Uingereza. Mwaka 2014 sanamu yake ilizinduliwa katika uwanja wa St George's Park, mahali timu ya taifa ya nchi ile inapofanyia mazoezi. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Huyu hakuchezea kwao, na tuzo yake ilichukua zaidi ya miaka 60 kufika.

Sasa, jiwe lile linamfaa nani?

Wapo watakaojibu upesi: halimfai mtu. Mfu hana njaa, wala hasomi maandishi. Fedha zile zingalimfaa alipokuwa akirudi nyumbani kutoka machimboni, na vumbi la makaa limemjaa mwilini. Jibu hili lina nguvu, lakini halitoshi. Jiwe lile halikuwekwa ili kumlisha Wharton. Liliwekwa kusahihisha uongo. Kwa miaka mingi watu walidhani Mwafrika ni mgeni aliyeingia katika mpira wa Ulaya jana tu. Jiwe linasema alikuwapo tangu mwanzo. Kusema kweli juu ya marehemu ni haki yake, hata kama hasikii, kama vile kumsingizia ni dhuluma hata kama hasikii. Mtoto anayebaguliwa uwanjani leo anaweza kusimama mbele ya jiwe lile akajua kwamba ana babu katika mchezo huu.

Wapo wengine watakaosema: hapakuwa na deni lolote. Wharton aliuza kazi yake, nao waliinunua. Mtazamaji alilipa kiingilio, timu ikalipa mshahara, hesabu ikaisha. Tena inaelezwa kwamba pombe ilimharibia, na wazazi wa Kikristo wataongeza kwamba aliiacha njia ya utumishi aliyoandaliwa. Basi alijiponza mwenyewe.

Hapa ndipo penye shida ya swali letu. Ni kweli kwamba bei ikilipwa hesabu ya soko huisha. Lakini si kila wema una bei. Hebu tuitazame kazi ya golikipa. Mfungaji huhesabiwa mabao yake na huandikwa gazetini. Golikipa hufanya kazi ili jambo lisitokee, na nani ahesabuye yasiyotokea? Akidaka mara kumi hukumbukwa kwa mpira wa kumi na moja uliompita. Mtu wa namna hiyo hawezi kulipwa sawasawa, kwa kuwa hata walionufaika hawajui ni kiasi gani wamenufaika. Hapo bei hukoma, na shukrani huanza. Nayo shukrani haimwulizi mtu kwanza kama alikuwa mwema katika mambo mengine yote. Deni halifutiki kwa sababu anayedai ni mlevi.

Watu kama golikipa wamo kati yetu. Yumo mlinzi wa usiku ambaye hatujaibiwa. Yumo mkunga ambaye watoto hawakufia mikononi mwake. Yumo mama anayefagia kanisa, ambaye hatumkumbuki mpaka Jumapili tukute vumbi kwenye viti. Hao ndio wepesi kusahauliwa, si kwa sababu tunawachukia, bali kwa sababu kazi yao ikiwa njema haionekani.

Nami sina budi kukiri. Alikuwako mzee mmoja aliyepiga kengele ya kanisa letu kwa miaka mingi. Hakuchelewa, kwa hiyo hatukumfikiria. Macho yalipomharibika, kijana mwingine akaishika kamba, na mzee akakaa nyumbani. Nilipita mlangoni pake mara nyingi nikiwa na haraka, nikamsalimu shikamoo kutoka njiani, naye akauliza, "Nani huyo?" Nilijibu huku nikitembea. Alipofariki nilitoa fedha za mifuko miwili ya saruji. Kaburi lake ni zuri. Kila nilionapo najua kwamba mifuko ile miwili haikuwa malipo. Ilikuwa ungamo.

Nadhani hilo ndilo jibu, kadiri ninavyoweza kuliona. Jiwe la kaburi si bure, wala si malipo. Ni neno la walio hai wakisema, "Tulichelewa." Neno hilo likisemwa kwa kweli lina faida, kwa sababu anayekiri kwamba amechelewa kwa mmoja huweza kuwahi kwa mwingine. Likisemwa kwa fahari, ili watu wasifu ukubwa wa kaburi na majina ya waliochanga, hugeuka kuwa kificho. Bwana wetu mwenyewe aliwakemea watu waliopamba makaburi ya manabii huku wakifanana na baba zao waliowaua. Hakuwakemea kwa sababu ya kupamba. Aliwakemea kwa kuwa mapambo yale hayakuwabadilisha.

Watu wa Uingereza waliomwekea Wharton jiwe hawakuweza kumpa mkate mwaka 1930, kwa kuwa wengi wao walikuwa hawajazaliwa. Wanalolipa ni deni la baba zao, na wanalilipa inavyopaswa ikiwa mchezaji mweusi aliye hai leo anapata heshima katika viwanja vyao. Sisi tunao wetu walio hai, tena twajua nyumba zao.

Basi, ndugu zangu, kabla daftari la mchango wa mazishi halijaletwa tena mlangoni, kila mmoja wetu na amfikirie mtu mmoja ambaye kazi yake njema haionekani, amwendee juma hili, akae naye kitako. Asiende mikono mitupu. Na akiulizwa, "Nani huyo?" asijibu huku anatembea.