Haki ya Kumzuia Shabiki Kabla Hajakosa

Sheria inayomzuia shabiki kuvuka mpaka kwa hofu ya fujo huzua swali la maadili: je, ni haki kumnyima mtu uhuru kwa kosa ambalo bado hajalitenda? Uingereza ilijibu kwa sheria ya mwaka 2000, baada ya vurugu za mashabiki wake huko Charleroi, Ubelgiji. Mahakama humpiga marufuku ya kwenda mechini mtu aliyewahi kushiriki vurugu, naye hutakiwa kusalimisha pasipoti timu inapocheza nje. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa marufuku hiyo ni kinga, si adhabu, ila ushahidi lazima uwe mzito.

Barani Afrika hutumika zaidi adhabu ya jumla. Desemba 2024 viti viling'olewa Dar es Salaam, Simba ilipocheza na CS Sfaxien ya Tunisia. Shirikisho la Soka Afrika (CAF) likaamuru Simba iikaribishe CS Constantine ya Algeria bila mashabiki. Mtulivu akabeba mzigo wa mkorofi, jambo ambalo kitabu cha Ezekieli na Surat al-An'am vyote vinalikataa.

Kwa mkazi wa Gatete, Burundi, anayepitia mpaka wa Mugina na Manyovu kwenda kutazama mpira Kigoma, Tanzania, tofauti ni kubwa: marufuku ya mtu mmoja humwacha yeye apite, adhabu ya jumla humfungia mlango. Kinga huwa ya haki inapomlenga aliyethibitika, kwa muda maalumu, na akiwa na nafasi ya kukata rufaa.