Damu ya Kifalme ni Deni

Hakuna aliyechagua tumbo la kumzaa. Hilo sote twalijua, ila twaishi kana kwamba hatulijui. Hapa kwetu Rusimbi, kama kwingineko, mgeni huulizwa ni mtoto wa nani kabla ya kuulizwa kazi yake. Nami hujiuliza: kuzaliwa katika ukoo mkubwa kunampa mtu haki gani juu ya wenzake?

Nikilitafakari swali hili humkumbuka jirani yetu wa ziwani, Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne wa Burundi. Angeweza kukaa kitako akala matunda ya ufalme. Badala yake, baada ya masomo ya Astrida na Ubelgiji, alirudi akaanzisha vyama vya ushirika mwaka 1957. Miongoni mwa waliomwunga mkono mapema ni Waswahili wa Buyenzi, Usumbura, watu wa sokoni wasio na kiti barazani kwa wakubwa. Mwaka 1959 akamwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa Kihutu.

Atatokea wa kusema: alisikilizwa kwa kuwa ni mwana wa Mwami. Kweli, sibishi. Mwana wa mchuuzi angeyasema maneno yale yale, na pengine asingekusanya watu kumi. Lakini damu iliyompa sauti ndiyo iliyomtia kamba. Mwaka 1960 Wabelgiji waliwakataza jamaa wa karibu wa Mwami kuongoza siasa, kisha wakamweka kizuizini. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Septemba 1961 chama chake, UPRONA, kilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Hakumaliza hata wiki tatu. Usiku wa tarehe 13 Oktoba, katika hoteli moja mjini Usumbura, alipigwa risasi na Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis.

Na ndugu msomaji, watazame waliohukumiwa kwa njama ile. Miongoni mwao walikuwamo wana wawili wa Chifu Baranyanka, walionyongwa Gitega Januari 1963. Nao walikuwa wa damu ya kifalme: wao Batare, yeye Mbezi, matawi ya mti mmoja. Kama damu ingezaa wema, wote wangekuwa wema. Kama ingezaa ubaya, wote wangekuwa wabaya. Basi damu haituambii mtu ni nani. Inatuambia tu ameanzia wapi safari yake.

Wasioelewa hilo huleta maafa. Mwaka 1972 huko Burundi, kuwa mtoto wa fulani kuligeuka hukumu ya kifo kwa maelfu, na waliosalimika wakakimbilia kwetu Kigoma. Anayemheshimu mtu kwa nasaba yake tu na anayemchinja kwa nasaba yake wamepanda mtumbwi mmoja, ingawa hawashukii bandari moja.

Kwa hiyo nasema kuzaliwa pakubwa si haki, ni deni. Aliyepewa sauti bila kuitolea jasho anadaiwa na wale wasiosikilizwa. Rwagasore alianza kulilipa akiwa kijana, akauawa akiwa na miaka 29, deni halijesha. Ni wangapi kati yetu, wenye baba wanaojulikana, tuliowahi hata kuuliza tunadaiwa kiasi gani?