Kamera ya Bei Nafuu na Wimbo Nilioupoteza

Mdogo wangu kaniuliza anunue kamera gani ya bei nafuu, ya picha za nyumbani na za matamasha ya usiku. Swali la dukani tu hilo, lakini limeninyima usingizi.

La dukani lina jibu fupi. Asihadaike na wingi wa megapikseli. Gizani kinachotakiwa ni kihisi kikubwa na lenzi inayofunguka sana, f/1.8 hivi. Sony RX100 ya mwaka 2012, hata iliyotumika, itamfaa: kihisi chake ni cha inchi 1, nayo inaingia mfukoni. Ila akivuta karibu, lenzi hiyo hujibana hadi f/4.9. Basi asogee mbele kwa miguu yake.

Lakini tunapiga picha ili iweje? Februari moja, tamasha la Sauti za Busara likirindima Ngome Kongwe, Zanzibar, nilisimama saa nzima na kamera usoni nikimwinda mpiga ala ya kanuni. Nilirudi na picha 210. Wimbo wenyewe siukumbuki. Mama, aliyeketi kando yangu mikono mitupu, hadi leo huuimba akichambua mchele. Nani kati yetu aliuhifadhi? Wasemao picha hutunza wakati, nadhani wanachanganya kasha na kilichomo.

Hata hivyo sithubutu kuzifuta. Katika mojawapo, pembeni, kwa ukungu, imo mikono ya marehemu baba ikipiga makofi. Wala sikuwa nimemlenga yeye.

Nunua, mdogo wangu. Piga kumi, kisha itie mfukoni.