Je, Chuma Hakina Hatia?

 

Ndugu msomaji, mtaani kwetu Mangateen, Juba, ambako familia zilizokimbia vita vya Desemba 2013 zimepiga kambi, kuna hoja husikika kila silaha zinapozungumzwa: bastola haina kosa, mwenye kosa ni mkono ulioishika. Wanaoisema huongeza kuwa matendo huhesabiwa kwa nia. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini je, inatosha kufunga mjadala? Tuipime kwa bastola moja ambayo historia yake inapita kwenye mto wetu huu wa Nile.

Bastola hiyo ni Mauser C96. Ilibuniwa na ndugu watatu wa ukoo wa Feederle katika kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf, Ujerumani, na kuanza kutengenezwa mwaka 1896. Bastola zilizozoeleka wakati huo zilikuwa za silinda inayozunguka, nyingi zikibeba risasi sita. Mauser ilibeba kumi, zikiingizwa kwa mkupuo mmoja kutoka juu. Siri yake ni kuutumikisha mshindo wake wenyewe. Risasi inapotoka, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja hatua ndogo vikiwa vimefungamana. Kisha kifungo kinachovishikanisha hushuka, na komeo huendelea peke yake, hutupa nje ganda tupu na kuisimamisha nyundo. Springi hulirudisha mbele likiwa limebeba risasi mpya. Yote hayo hutokea kabla mtu hajapepesa jicho. Kazi anayobakishiwa mwanadamu ni kubana kidole.

Tarehe 2 Septemba 1898, huko Omdurman, jeshi la Uingereza na Misri chini ya Kitchener lilipambana na jeshi la Khalifa Abdullahi. Miongoni mwa wapanda farasi wa kikosi cha 21st Lancers alikuwamo luteni wa miaka 23, Winston Churchill. Bega lake lilikuwa limeteguka huko India, hakuweza kuutegemea upanga. Akaingia vitani na Mauser, akapiga watu risasi kwa karibu, akatoka bila jeraha. Siku hiyo walikufa wapiganaji wa Khalifa wapatao 10,000, na wa upande wa pili karibu 50. Ni kweli kwamba wengi waliuawa kwa mizinga, bunduki na Maxim, si kwa bastola. Lakini yule luteni mwenye bega bovu anatufunza jambo.

Upanga hudai nguvu, mazoezi, na kumsogelea mtu hadi uuone uso wake. Kila dai kati ya hayo ni kizuizi, na kila kizuizi ni nafasi ya nafsi kujirudi. Mashine haikumpa mtu nia asiyokuwa nayo. Iliondoa vizuizi vilivyosimama kati ya nia na damu. Basi hatuwezi kusema chombo hakina lolote katika jambo hili.

Mtume (S.A.W.) alilifunza hili karne nyingi kabla ya Mauser. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwa kuwa hajui, huenda shetani akauvuta mkono wake akatumbukia katika shimo la Moto. Zingatia: hapo hakuna nia ya kuua. Kuna mkono, silaha, na sekunde moja. Vilevile aliamuru anayepita msikitini na mishale aishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Na Bukhari ametaja kuwa sahaba Imran bin Husayn alichukia kuuza silaha wakati wa fitina, ingawa biashara kwa asili yake ni halali. Wanazuoni wetu wanaita kanuni hii kuziba njia: kinachopeleka kwenye haramu huchukua sehemu ya hukumu yake.

Atasema mtu: je, sina haki ya kujilinda? Unayo, na anayeuawa akitetea mali yake amepewa daraja ya shahidi. Lakini shambulio ni la usiku mmoja, na bastola iliyo chini ya godoro hulala nyumbani usiku wote. Itakuwapo siku ya ugomvi wa mke na mume, siku ya mtoto mdadisi, siku ya harusi watu wakifyatua hewani. Swali la haki si kama una nia njema leo. Jiulize ni nani mwingine, na kwa hasira gani, atakipata kidole chako kimeshafanyiwa kazi yote.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kijana wa Mangateen asiye na jukumu la ulinzi asiihifadhi bastola, na maimamu wetu waliseme hili waziwazi kwenye khutba, kama wanavyosema juu ya pombe. Pombe nayo ilizibwa kwa sababu huondoa kile kinachomzuia mtu.

Allah atuhifadhie damu zetu na atujaalie mikono iliyo mizito katika shari. Amin.