Mirambo, Nyungu na Nira ya Umoja

Mirambo, mtemi wa Urambo katika Unyamwezi, alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Mwezi huohuo akafariki Nyungu ya Mawe, aliyeushika Ukimbu, kusini mwa hapa kwetu Sikonge. Huko Berlin wazungu walikuwa mezani tangu Novemba, wakiwekeana taratibu za kuigawana Afrika. Kila nikizisoma tarehe hizo pamoja, moyo unaniuma.

Nilifundisha historia hadi nilipostaafu, na kanisani kwetu Moravian bado nahubiri zamu yangu ikifika. Wanafunzi wa kidato cha sita walipenda kuuliza kama mataifa ya Ulaya yangeweza kuungana kabla ya karne ya 20. Niliwaeleza habari za Napoleon, na za Bismarck aliyewaunganisha Wajerumani mwaka 1871 baada ya vita vitatu. Lakini swali lililonikaa rohoni lilikuwa la nyumbani. Je, Unyamwezi ungeweza kuwa nchi moja kabla Mjerumani hajafika? Na kama ungeweza, ilikuwa halali mbele ya Mungu kuuunganisha kwa njia waliyoitumia?

Naamini ungeweza. Lugha zilisikilizana, mila za utemi zilifanana, vijana wa utemi huu na ule walibeba mizigo pamoja hadi Bagamoyo na kulala kambi moja. Kilichowatenga ni hongo. Kila mtemi alikuwa na kipande chake cha njia, na msafara haukupita bila kumlipa. Nani angekubali kumwachia jirani riziki hiyo? Waarabu wa Tabora nao walinufaika na utengano huo. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, alipotaka kuwatoza kodi, walimwondoa wakamweka Mkasiwa. Mirambo alilielewa somo hilo kuliko wote. Mwaka 1871, mwaka uleule wa Bismarck, aliifunga njia ya Ujiji na kupigana na Waarabu hao hadi 1875. Msafiri Stanley, ambaye mwanzoni alikuwa upande wa Waarabu, alichanjiana naye damu mwaka 1876, akamfananisha na Napoleon.

Hapo ndipo namkumbuka nabii Samweli. Wazee wa Israeli walipodai mfalme ili wawe kama mataifa mengine, aliwaonya kwamba mfalme huyo atawachukua wana wao awapeleke vitani. Kwetu wana hao ndio rugaruga: vijana waliokatwa na kwao, wengine mateka, wameshika magobore, na ujira wao ni ngawira. Jeshi linaloishi kwa ngawira lazima lipate wa kumvamia, na waliovamiwa wengi walikuwa Wanyamwezi wenzao. Tembe zilichomwa, wake na watoto wakachukuliwa. Mirambo alipokufa, ndugu yake Mpandashalo alirithi vita kuliko alivyorithi nchi. Watemi walioshindwa walijitoa, na haikupita miaka kumi himaya ikawa imesambaratika. Rehoboamu mwana wa Sulemani naye aliombwa apunguze nira ya baba yake, akaapa kuiongeza, na makabila kumi yakaenda zao.

Nyungu hakuwa mpole kumshinda Mirambo, na sitaki kumpamba. Rugaruga wake waliogopwa vilevile. Ila alifanya jambo moja kubwa. Juu ya watemi aliowashinda aliweka watwale, kila mtwale na eneo lake lenye temi kadhaa, wakusanye pembe za ndovu na kumpelekea. Utawala ukawa na mifupa isiyotegemea uhai wa mtu mmoja. Kiti chake kilirithiwa na mwanamke, Mgalula, na miaka ya 1890 Wajerumani walipofika waliikuta nchi ingali imesimama. Mwanamke akishika nchi iliyotekwa kwa bunduki, nayo isivunjike, hapo nakiri kwamba umoja ulikuwa umeanza kuota mizizi. Wakimbu hawakuulizwa walipounganishwa, hilo halifutiki. Lakini walipewa kitu walichoweza kuishi nacho.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema tulikosa muda tu. Urambo ulikuwa na muda, ukautumia kuwasha moto kwa majirani. Januari 1893 Mtemi Isike wa Unyanyembe, boma lake lilipovunjwa na Wajerumani, aliwasha baruti akajilipua ndani yake. Urambo, hasimu wake wa miaka mingi, haukuwa na sababu ya kumlilia.

Swali la umoja lilirudi baada ya ukoloni. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, akafundisha Tabora. Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote waliahidi shirikisho la Afrika Mashariki kabla ya mwaka kwisha, na halikuja. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mkataba wa 1999 ukaifufua, na shirikisho la kisiasa limewekwa humo kuwa hatua ya mwisho. Nalitaka shirikisho hilo kwa moyo wote, hata likichelewa nisilione. Ila siku tutakapoitwa kupiga kura, nitauliza kwanza mtwale wangu atakuwa nani, na nikichoshwa naye nitamwondoa kwa njia gani.