Ramadhani 17: Mtoto aliyelia usiku



Juzi baada ya tarawehe akina mama walileta ombi kwenye kamati. Kuna binti wa hapa hapa Chalinze, ana mimba ya miezi sita na anatumia unga. Anataka kuacha. Wakaomba sadaka ya msikiti imsaidie nauli. Mzee wetu mmoja akauliza, tena hakuuliza kwa ubaya: "Tukimlipia teja nauli, si tunamwambia alichofanya ni sawa?" Swali hilo limenikaa siku mbili.

Kwanza tuelewe anakwenda wapi. Serikali ilianza kutoa methadoni pale Muhimbili mwaka 2011, na sasa mkoani kwetu Pwani ipo kliniki Hospitali ya Tumbi, Kibaha. Dawa ni bure. Ila hupewi ya mwezi ukaenda nayo nyumbani. Anayeanza anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Yaani binti apande gari za Dar, ashuke Tumbi, anywe, arudi, na kesho tena. Dawa ya bure, nauli ya kila siku.

Wengine wanasema aache tu ghafla, avumilie kama tunavyovumilia swaumu. Jamani, madaktari wanaonya. Mjamzito akikatisha unga ghafla, mimba inaweza kutoka au mtoto akaja kabla ya siku zake. Methadoni inamtuliza mama. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, akalia sana, akatetemeka, asishike ziwa vizuri, lakini hilo linatibika hospitali, kama mama amekwenda kujifungulia hospitali.

Sasa nimkumbushe mzee wangu kisa cha Sayyidna Umar. Alikuwa akigawa posho ya Baitulmali, na mtoto hakuandikiwa mpaka aachishwe ziwa. Usiku mmoja akipita mjini akasikia mtoto analia, akarudi mara ya pili, ya tatu, bado analia. Akamlaumu mama. Mama, bila kujua anaongea na nani, akamwambia anamwachisha mapema kwa sababu Umar hatoi posho kwa anayenyonya. Imepokewa kwamba alfajiri ile Umar aliswalisha huku analia, hata kisomo hakikusikika vizuri. Kisha akatangaza kila mtoto wa Kiislamu aandikiwe tangu kuzaliwa.

Tazama alichofanya. Hakukaa kubishana kama yule mama alikosea. Aliuliza utaratibu wake mwenyewe unawafanya akina mama wafanye nini, akaona unaumiza watoto, akaubadilisha.

Na sisi tujiulize hivyo hivyo. Sheria ya mwaka 2015 inahesabu kutumia dawa za kulevya kuwa kosa, na binti anajua. Akienda kliniki ya wajawazito akafokewa, harudi. Akisikia anasemwa msikitini, atajificha. Anayejificha atajifungulia kichochoroni nyuma ya stendi. Hapo tutakuwa tumeikemea dhambi, na aliyelipa ni mtoto ambaye hana dhambi hata moja. Hata misaada mingine ya serikali inampita: TASAF inaandika kaya, na majina yanapitishwa kwenye mkutano wa kijiji. Aliyefukuzwa nyumbani yuko kaya gani? Nani atasimama amtaje?

Mzee ana haki kwenye jambo moja. Pesa ya amana haipewi mkononi mtu mwenye arosto. Nakubali. Bi mkubwa mmoja ameshasema atapanda naye gari wiki ya kwanza, na nauli atashika yeye. Lakini kuhusu kumwita majina, tukumbuke yule swahaba aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa ulevi. Aliadhibiwa, kweli. Mtu mmoja alipomlaani, Mtume akakataza, akasema mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Kosa halikuitwa sawa, na mtu hakutupwa.

Mpaka jana jioni imepatikana nauli ya siku tisa. Kamati inakaa leo baada ya witri. Mwenye neno aje alisemee pale, sio barazani. Na mkimwona binti stendi asubuhi ameshika chupa ya maji, mwacheni anywe. Ni mjamzito na ni mgonjwa, ruhusa anayo.