Sokwe Namba 65 na Zaburi ya Nane



Zaburi ya nane tunaiimba mara nyingi kanisani, na kwa kuwa tumeizoea, pengine hatulioni jambo lake la ajabu. Mtunga zaburi anaanza kwa kutazama juu, kwenye mbingu, mwezi na nyota, naye anastaajabu kwamba Mungu anamkumbuka mwanadamu aliye mdogo namna hii. Halafu, kabla wimbo haujaisha, anashuka ghafula mpaka kwa kondoo, ng'ombe na wanyama wa porini. Kwa nini mtu anayetazama nyota awakumbuke wanyama? Nilifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, na swali hili niliwapa wanafunzi wangu. Wengi walijibu kwamba hayo ni mapambo ya ushairi tu. Mimi naona sivyo, na historia ya safari za anga yaniunga mkono.

Zaburi hiyo imefika mwezini. Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha huko kisahani kidogo chenye salamu za viongozi wa mataifa, na salamu za Papa Paulo wa Sita zilikuwa na zaburi hii. Wakiwa njiani kurudi, mmoja wao, Buzz Aldrin, alisoma aya zake mbili, na watu wakamsikia duniani. Lakini wanyama walikuwa wametangulia. Septemba 1968 Warusi walirusha chombo kiitwacho Zond 5, ndani yake wakiwamo kobe wawili. Kikauzunguka mwezi, kikarudi na kuangukia katika Bahari ya Hindi hii yetu, kobe wakiwa hai. Wanadamu wa kwanza kuuzunguka mwezi walifuata Desemba mwaka huohuo. Basi wazee waliotusimulia kwamba kobe humshinda mwenye mbio hawakutudanganya.

Kwa kobe tunaweza kucheka. Wako wengine ambao hawachekeshi. Laika, mbwa aliyeokotwa katika mitaa ya Moscow, alirushwa tarehe 3 Novemba 1957 katika chombo ambacho hakikuundwa ili kirudi. Miaka mingi dunia iliamini kwamba aliishi siku kadhaa huko juu. Mwaka 2002 ndipo ilipoelezwa wazi kwamba joto lilimwua saa chache tu baada ya kuruka.

Leo, hata hivyo, nataka hasa kumzungumzia sokwe mtu mmoja. Alizaliwa katika misitu ya Kameruni mwaka 1957, akakamatwa angali mchanga, akavushwa bahari mpaka Marekani, na mwaka 1959 akawa mali ya Jeshi la Anga. Mtoto wa sokwe hatoki mikononi mwa mama yake kwa amani, hilo kila aliyeishi karibu na msitu alijua. Hakupewa jina rasmi, aliitwa Namba 65, kwa sababu wakubwa walihofia kwamba akifa akiwa na jina, watu watasikitika zaidi. Alifundishwa kuvuta wenzo kila taa ya buluu ilipowaka. Akivuta kwa wakati, alipata kidonge cha ndizi. Akichelewa zaidi ya sekunde tano, alipigwa umeme kwenye nyayo.

Tarehe 31 Januari 1961 alifungwa katika chombo huko Cape Canaveral, akarushwa. Roketi ilikwenda kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, ikampeleka hadi kilomita 253 juu, na kwa dakika zaidi ya 6 hakuwa na uzito. Hata hivyo aliendelea kuvuta wenzo wake, akichelewa kidogo tu kuliko alivyofanya ardhini. Safari nzima ilichukua dakika 16 na sekunde 39. Alipookolewa baharini, maji yalikuwa yameanza kuingia chomboni. Akapewa tofaha, akapigwa picha akiwa ameonyesha meno, na magazeti yakasema anatabasamu. Wenye kuwajua sokwe, Jane Goodall akiwa mmoja wao, walieleza kwamba ule haukuwa uso wa furaha. Ulikuwa wa hofu kuu.

Sasa kwa kuwa alirudi salama, akapewa jina: Ham. Halikutoka katika kitabu cha Mwanzo, bali katika herufi za kwanza za maabara iliyomlea. Mkristo hata hivyo hawezi kulisikia bila kumkumbuka Hamu mwana wa Nuhu. Hamu yule aliingia safinani pamoja na wanyama wa kila aina. Ham huyu aliingia chomboni peke yake.

Miezi ileile, upande huu wa dunia, Jane Goodall alikuwa ameketi msituni Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako alifika Julai 1960. Kabla ya mwaka kwisha alimwona sokwe akichukua jani la nyasi, akalitumbukiza katika kichuguu, akatoa mchwa na kuwala. Alimwona pia akipukutisha majani ya kijiti ili kimfae kazi hiyo. Hadi hapo wataalamu walisema ni binadamu tu atengenezaye vyombo vya kazi. Pale Florida sokwe aliulizwa: waweza kutufanyia nini? Kule Kigoma aliulizwa: wewe ni nani? Maswali yote mawili ni ya sayansi, na yote yalipata jibu.

Kwa nini sokwe, na si kuku? Kwa sababu mwili wake na akili yake vimekaribia vyetu. Na kwa nini sokwe, na si mtu? Kwa sababu si mtu. Yaani alifanana nasi vya kutosha kutujulisha jinsi tutakavyoumia, lakini hakufanana nasi vya kutosha kuulizwa kama anakubali. Sijapata kusikia jibu linalozipatanisha hoja hizi mbili.

Aliyefuata aliitwa Enos. Tarehe 29 Novemba 1961 aliizunguka dunia mara mbili. Mtambo wake uliharibika angani, ukawa unampiga umeme hata alipojibu sawasawa. Hapa nasema kama mwalimu: mtoto akichapwa kwa jibu sahihi, siku ya tatu haandiki tena. Enos aliendelea kujibu kama alivyofundishwa. Punda wa Balaamu naye alipigwa mara tatu, na kumbe ndiye aliyekuwa sahihi, maana alimwona malaika ambaye bwana wake hakumwona. Lakini punda yule alifunguliwa kinywa, akauliza amekosa nini. Enos hakufunguliwa. Mwaka uliofuata alikufa kwa ugonjwa wa kuhara damu, usiohusiana na safari yake. Jina lake ni Enoshi wa Kiebrania, maana yake mtu. Nalo ndilo neno lenyewe lililomo katika zaburi ya nane, pale mtunzi anapomwuliza Mungu mtu ni nini hata amkumbuke.

Wapo wasemao kwamba safari hizo zilikuwa dhambi tupu. Mimi sifiki huko. Roketi za siku zile zilikuwa zikilipuka, na anayetaka kumpandisha kijana wa watu juu yake hana budi kujaribu kwanza. Alan Shepard aliruka tarehe 5 Mei 1961 akarudi kwa mkewe. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, “Mwalimu, mbona twala ng'ombe bila kulia, na kwa sokwe twalia?” Swali zuri. Nilimjibu kwamba hata mchinjaji ana adabu yake ya kisu kikali na mkono mwepesi, na kwamba anayechukua uhai au uhuru wa kiumbe kwa haja yake amejifunga deni la kutomtesa pasipo haja.

Ndipo ninapogombana na wakubwa wale. Haja ilikwisha. Ham alikuwa amefanya kazi yake, picha yake imeenea duniani. Mwaka 1963 akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Washington, akaishi humo miaka 17 bila sokwe mwenzake. Sokwe ni kiumbe wa ukoo. Hukaa kikundi, huchambuana manyoya, hugombana na kupatana. Dakika zile 16 naweza kuzitetea mbele ya mtu yeyote. Miaka ile 17 siwezi. Hakuna mwanaanga aliyeokolewa nayo, wala elimu iliyopatikana.

Mwaka 1977, Ham akiwa bado peke yake, Wamarekani walirusha vyombo viwili viitwavyo Voyager, kila kimoja kimebeba sahani ya dhahabu yenye sauti za dunia kwa ajili ya yeyote atakayekutana nayo huko mbali. Mna salamu katika lugha 55, Kiganda na Kinyanja zikiwamo. Kiswahili hakimo, jambo ambalo bado laniudhi. Lakini fisi yumo, tembo yumo, na sokwe yumo. Tuliona vema kuwaeleza wageni wa nyota za mbali kwamba sokwe ni wa nyumba yetu, na wa Washington tukamwacha kizimbani. Septemba 1980 ndipo alipohamishiwa North Carolina akaishi na wenzake. Alikufa Januari 1983.

Goodall naye alifariki Oktoba 2025. Kabla ya hapo aliona misitu nje ya hifadhi ya Gombe ikikatwa hadi vilima vikabaki uchi, na sokwe wakazingirwa. Walioonyesha ukubwa wa jambo hilo ni setilaiti, wajukuu wa roketi zile. Picha zao zilipelekwa vijijini Kigoma, wanakijiji wakatambua mito yao, mashamba yao na makaburi yao, kisha wakakaa kikao wao wenyewe kuamua wapi pa kulima na wapi pa kuuacha msitu uote tena. Katika baadhi ya vilima hivyo miti imeanza kurudi.